Maji ni karatasi tupu: mapitio ya chapa za shaba za W. L. Wyllie

Anayetaka mchoraji wa bahari wa enzi ya Malkia Victoria ukutani kwake ana njia mbili za kweli. Moja ni picha ya rangi ya mafuta, na kwa wachoraji wenye majina makubwa nyingi za hizo zimeshafika kwenye majumba ya makumbusho au zimo mikononi mwa wenye fedha nyingi. Ya pili ni chapa: karatasi iliyokandamizwa juu ya bamba la shaba alilolichora mchoraji kwa mkono wake mwenyewe. Katika njia hii ya pili, William Lionel Wyllie anatosheleza kuliko Mwingereza mwingine yeyote wa fani yake. Alitengeneza mabamba mengi, kwa hiyo chapa zake hazijaadimika kwenye minada na maduka ya picha za zamani ya Uingereza. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya rangi zake za maji, na mkono unaouona ni wake.

Ila chapa zake hazilingani. Ziko zilizo hai na ziko zilizochoka, na mara nyingi zote mbili zimetoka kwenye bamba moja. Ushauri wetu ni huu: tafuta mto wa Thames unaopita London na matishari yake, manowari zije baadaye, na kabla ya chochote kingine kagua karatasi. Sababu zinafuata.

Wyllie alizaliwa London tarehe 5 Julai 1851 katika nyumba ya wachoraji. Baba yake, William Morison Wyllie, alikuwa mchoraji. Kaka yake wa kwa mama, Lionel Percy Smythe, alikuwa mchoraji. Mdogo wake, Charles William, naye akaja kuchora mito na vyombo. Majira ya kiangazi familia ilihamia Wimereux, pwani ya kaskazini ya Ufaransa, na kijana akakua akijua mashua kwa kuziendesha. Mwaka 1866 aliingia shule za Royal Academy, taasisi ya sanaa ya kifalme ya London, na mwaka 1869, akiwa na miaka 18 tu, akapata medali ya dhahabu ya Turner kwa picha ya mapambazuko baada ya dhoruba.

Kazi iliyomjenga kama mchora mabamba, hata hivyo, haikuwa ya Academy. Ilikuwa ya gazeti la picha la The Graphic, alilolichorea kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1870. Mchoraji wa gazeti hana rangi. Ana mstari mweusi na karatasi nyeupe, na lazima aoneshe kwa viwili hivyo meli iko wapi, upepo unatoka upande gani, na moshi ni mzito kiasi gani. Aliyezoea kazi hiyo akipewa shaba na sindano yuko nyumbani.

Kisha ikaja picha iliyompa jina. Mwaka 1883 alionesha Toil, Glitter, Grime and Wealth on a Flowing Tide, yaani jasho, mng'aro, masizi na utajiri juu ya maji ya kujaa. Mfuko wa Chantrey uliinunua kwa ajili ya taifa, na leo ni mali ya Tate, jumba la sanaa la taifa. Mbele kuna matishari ya makaa ya mawe yamejazana, nyuma kuna meli za moshi ndani ya ukungu wa mji, na katikati jua linapiga maji mpaka macho yanataka kufumba. Hakuna ushindi wa vita wala dhoruba ya kuvunja milingoti. Ni siku ya kazi. Mwaka 1889 alichaguliwa mwanachama mshiriki wa Royal Academy, na mwaka 1907 akawa mwanachama kamili. Katikati ya miaka hiyo alikaa karibu na mto Medway, akiwa na matishari mbele ya dirisha kutwa, kisha akahamia Portsmouth, kwenye nyumba iliyo mdomoni mwa bandari. Huko Portsmouth ndiko alikozigeukia manowari kwa nguvu.

Robert Dunthorne, mfanyabiashara wa picha wa mtaa wa Vigo, London, ndiye aliyezitoa sokoni nyingi ya chapa zake. Jina hilo likumbukwe, litarudi.

Sasa bidhaa yenyewe. Wyllie alitumia njia mbili, na mara nyingi alizichanganya kwenye bamba moja. Mnunuzi asiyezijua hawezi kupambanua chapa nzuri na mbovu, kwa hiyo inafaa kuzieleza kwa utulivu.

Njia ya kwanza ni ya asidi. Bamba la shaba lenye unene wa milimita moja au mbili hupigwa tupa pembeni ili kingo zake zilale mshazari, zisije zikakata karatasi. Hupakwa utando mwembamba wa nta, lami na utomvu, kisha utando huo hufukizwa moshi wa mshumaa mpaka uwe mweusi. Mchoraji huchora kwa sindano bila kuikwangua shaba: anaondoa utando tu. Bamba likitiwa kwenye asidi, asidi hula pale tu palipofunuliwa. Milingoti ya mbali huliwa dakika chache, halafu bamba hutolewa, sehemu hizo zikafunikwa kwa vanishi, likarudishwa. Tishari la mbele laweza kuachwa nusu saa au zaidi. Kwa hiyo umbali kwenye chapa ya asidi ni suala la muda: mstari mwembamba uliliwa kidogo, mstari mnene uliliwa sana. Asidi ya nitriki hutoa mapovu, na yasipopanguswa kwa unyoya mstari hutoka na kingo za kuchanika. Makosa ya namna hiyo hayarekebishiki kirahisi, ndiyo maana bamba safi la asidi ni ushahidi wa mikono iliyotulia.

Njia ya pili ni sindano kavu. Hapa hakuna utando wala asidi. Mchoraji anaikwaruza shaba moja kwa moja, na sindano, kama jembe la plau, inainua ukingo mdogo wa shaba iliyochanika kando ya mfereji wake. Ukingo huo, usioonekana kwa macho matupu, ndio unaoshika wino mwingi na kutoa weusi laini kama mahameli. Moshi mzito unaotoka kwenye dohani ya tagi (mashua ya kukokota meli), kivuli chini ya tezi la tishari, tanga lililolowa: hivyo Wyllie huvipata kwa sindano kavu. Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu ukingo ule ni laini. Kila karatasi inayopita kwenye shinikizo huubonyeza kidogo. Baada ya chapa kadhaa mahameli huanza kufifia, na baada ya makumi hubaki mkwaruzo mkavu wa kijivu. Wapigaji chapa walikuwa na dawa yake: kulifunika bamba kwa utando mwembamba wa chuma kwa njia ya umeme. Bamba lililofunikwa hudumu kwa chapa nyingi, ila mstari wake huwa mgumu kidogo na baridi kidogo.

Halafu kuna upigaji wenyewe. Bamba hupashwa moto, wino mzito wa masizi na mafuta ya kitani hupakwa lote, kisha hupanguswa kwa kitambaa cha wavu kilichotiwa wanga. Mpigaji anaweza kupangusa mpaka shaba ing'ae, au akaacha utando mwembamba wa wino mahali anapotaka. Karatasi huloweshwa, blanketi za sufu huwekwa juu, na rola hupita kwa uzito mkubwa. Ule utando ulioachwa ndio unaotoa anga la London: ukungu wa rangi ya majivu usio na mstari hata mmoja. Chapa mbili za bamba moja zaweza kuwa siku mbili tofauti, moja ya asubuhi yenye masizi, nyingine ya mchana mweupe. Kwa mto wa Wyllie, sisi tunaipendelea ile ya masizi kila mara. Chapa iliyopanguswa safi mno huonesha vyombo vyote sawasawa, lakini hewa iliyokuwa kati yao imeondoka.

Chukua mfano wa tishari moja la Thames chini ya lenzi ya kukuza mara 10. Chombo hiki kilikuwa na tumbo bapa, kiliendeshwa na watu wawili tu, na tanga lake kuu liliinuliwa na boriti ndefu ya mshazari inayoanzia chini ya mlingoti na kufika pembe ya juu ya tanga. Kwenye shaba, boriti hiyo ni mstari mmoja. Wyllie haurudii. Unaanza mzito chini, unapungua kuelekea juu, na mwishoni unakatika kabla ya kugusa tanga, jicho likamalizia lenyewe. Tanga lina mikwaruzo sambamba inayofuata mkunjo wa kitambaa, si ya kujaza nafasi. Ubavuni kuna ubao mkubwa wa kushushwa majini, unaozuia chombo chenye tumbo bapa kisisukumwe pembeni na upepo. Chini ya tishari kuna kivuli: mistari minane au kumi ya mlalo, iliyovunjika-vunjika, kila mmoja umesogea kidogo kutoka kwa mwenzake. Na baada ya hapo, hakuna kitu. Maji yote yaliyobaki, yale yanayometa, ni karatasi ambayo haijaguswa.

Hilo ndilo jambo la kushika kuhusu mchoraji huyu. Kwenye rangi za mafuta mng'aro wa maji ni rangi nyeupe iliyowekwa juu. Kwenye chapa zake mng'aro ni karatasi, na weusi wote uliopo ni wa kuifanya karatasi hiyo iwake. Karatasi ikiharibika, mto umekauka.

Kwa anayejua vyombo, kuna furaha nyingine. Wyllie hakosei upepo. Angalia bendera, moshi na matanga: vyote vinakubaliana. Angalia ule ubao wa ubavuni: tishari likiwa linakata upepo, ubao wa upande wa demani, unakoelekea upepo, umeshushwa na ule wa joshini, unakotoka upepo, umeinuliwa, kama inavyopasa. Angalia vyombo vilivyotia nanga: maji yanapojaa vimeelekeza omo, yaani sehemu ya mbele, baharini, yanapokupwa vimegeukia mtoni, hata kama upepo unatoka kwingine. Wachoraji wengi wa studio walikosea hapa, na mabaharia walicheka. Ni kipimo kizuri pia cha chapa isiyo na saini: ikiwa moshi unakwenda kaskazini na bendera kusini, mashaka yana haki yake.

Ukubwa usikushangaze. Chapa za mto mara nyingi ni ndefu kwa mlalo, upana ukiwa mara mbili ya kimo au zaidi, kwa sababu ukingo wa mto ni mrefu na anga la London ni fupi. Kwenye ukuta zinataka nafasi ya upande kwa upande na macho ya karibu. Ukizitundika juu sana umezipoteza.

Manowari ni habari nyingine. Zina watu wanaozipenda, na kwa usahihi wa umbo la meli hazina mfano. Mtafiti wa jeshi la majini la Uingereza la mwanzo wa karne ya 20 atazithamini kwa haki kabisa. Lakini chuma cha kijivu hakimpi Wyllie kile anachokifanya vizuri kuliko wote. Ubavu wa manowari ni ukuta, anaujaza kwa mistari iliyonyooka, na maji yanabaki kuwa sakafu ya kuiwekea meli. Vita Kuu ya Kwanza ilimchukulia wanawe wawili, naye aliendelea kuchora jeshi la majini kwa heshima kubwa. Heshima hiyo inaonekana kwenye kazi, na kwa sisi tunaotafuta mng'aro wa maji, imeifanya iwe nzito. Mapigano ya kale ya matanga yako katikati: mazuri kwa milingoti, yamejaa mno kwa chapa ndogo.

Kukagua kabla ya kutoa fedha hakuhitaji vifaa vingi. Lenzi ya kukuza mara 10, taa ndogo ya mkononi, na ruhusa ya kuitoa chapa kwenye fremu. Muuzaji akikataa kuitoa, chukulia kwamba chini ya fremu kuna tatizo na upange bei hivyo, au uondoke. Ukinunua kwa mbali, omba picha nne: karatasi nzima mbele, karatasi nzima nyuma, kona ya chini kushoto kwa karibu, na moja iliyopigwa taa ikiwa imelazwa pembeni.

Anza na alama ya bamba, ule mfinyo wa mstatili uliouzunguka mchoro. Lazima uwepo, ila peke yake hauthibitishi kitu. Picha zilizotolewa kwa kamera na kuhamishiwa kwenye shaba nazo zina alama ya bamba, na picha ya mashine ya kawaida yaweza kubanwa na bamba tupu ili idanganye. Weka lenzi. Ukiona vitone vilivyopangwa safu kwa safu, ni uchapaji wa vitabu na magazeti; rudisha. Ukiona chembechembe ndogo zisizo na mpangilio, na vivuli vinavyoteleza kutoka cheusi hadi cheupe bila mstari, ni picha ya kamera kwenye shaba: kitu kizuri chenye thamani yake, lakini si mkono wa Wyllie kwenye bamba. Ukiona mistari halisi, ilaze taa. Wino wa chapa ya kweli umesimama juu ya karatasi, na mwanga wa pembeni utauonesha kama matuta membamba. Usiupapase kwa kidole. Mafuta ya ngozi hubaki.

Kisha tofautisha mistari. Wa asidi una unene ulio sawa na ncha butu. Wa sindano kavu huanza mwembamba, hunenepa, huisha kwa ncha kali, na upande mmoja una ukungu wa wino. Kama ukungu huo haupo mahali popote kwenye moshi na kwenye vivuli vyeusi, bamba lilikuwa limechoka. Dalili nyingine ya uchovu ni kivuli cha chini ya chombo: katikati yake hupauka kwanza, kikawa kama kitambaa kilichofubaa, wakati kingo zake bado nyeusi. Na moshi wa tagi, badala ya kuwa wingu moja, huachana na kuwa mikwaruzo unayoweza kuihesabu.

Saini. Kwa kawaida iko kwa penseli chini ya mchoro, upande wa kushoto, nje ya alama ya bamba. Penseli humeta kijivu taa ikilazwa. Saini iliyopigwa pamoja na picha haimeti. Soma herufi zote. Harold Wyllie, mwanawe mkubwa aliyezaliwa mwaka 1880, alikuwa mchoraji wa bahari mwenye ujuzi wake, na Charles William tumekwisha mtaja. Si kila Wyllie ni W. L. Usidai namba za toleo kama zile za chapa za kisasa, kwani zamani hizo desturi ya kuandika namba haikuwa sheria, na kukosekana kwake si kasoro. Baadhi ya chapa za wakati huo zina muhuri mdogo usio na wino uliobanwa kwenye pambizo na chama cha wauzaji. Ukiuona ni vyema.

Sasa karatasi, na hapa ndipo tungemwomba msomaji awe mkali kuliko kawaida, kwa sababu tuliyoieleza juu ya maji. Madoa ya kahawia kama madoadoa ya kutu hutokana na unyevu, ukungu na chembe za chuma ndani ya karatasi. Kwenye pambizo yanavumilika. Kwenye anga lenye masizi yanaweza kujificha. Katikati ya maji ni msiba: jicho linayasoma kama vitu vinavyoelea. Mstari wa kahawia ulioizunguka picha ni asidi ya kadibodi mbovu ya fremu ya zamani. Ukifunikwa na kadibodi mpya hauonekani, lakini karatasi mahali hapo imedhoofika na inaweza kupasuka ikikunjwa. Manjano yaliyoenea ndani ya dirisha la fremu, huku pambizo zilizofichika zikiwa bado nyeupe, ni mwanga. Linganisha rangi hizo mbili na utajua mto umepoteza kiasi gani cha nuru yake. Chapa ya namna hiyo, hata kama mistari ni ya mwanzo kabisa, tungeipita.

Pambizo zilizokatwa mpaka kwenye alama ya bamba ni hasara ya kweli, maana saini mara nyingi imeondoka nazo na hakuna tena pa kushikia karatasi. Gundi ya kubandika karatasi nzima juu ya ubao ni mbaya zaidi. Kuitoa ni kazi ya fundi wa hifadhi ya karatasi, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya chapa. Utepe wa plastiki nyuma huacha mafuta ya manjano yanayopenya hadi mbele. Na tafadhali, madoa yasioshwe nyumbani kwa dawa ya kufulia. Yatapungua siku hiyo, kisha nyuzi za karatasi zitaendelea kuliwa kimyakimya, na saini inaweza kufutika pamoja nayo.

Njia bora ya kufunza jicho ni kuziona kazi zake kubwa kwanza. Ile ya 1883 ya Tate ndiyo ufunguo. Guildhall Art Gallery, katikati ya London, ina picha yake ya ufunguzi wa Tower Bridge wa tarehe 30 Juni 1894, na humo vyombo vidogo vilivyosongamana chini ya daraja vinafaa kuangaliwa kuliko daraja lenyewe. National Maritime Museum ya Greenwich ina michoro yake kwa maelfu, mingi ikiwa ya haraka, ya penseli na rangi ya maji. Hapo unaona alivyokuwa akiokota umbo la tanga kwa mipigo mitatu. Portsmouth, kwenye jumba la makumbusho la jeshi la majini, kuna panorama, yaani picha pana mno, ya vita vya baharini vya Trafalgar vya mwaka 1805, yenye urefu wa futi 42 na kimo cha futi 12, aliyoichora akiwa mzee wa karibu miaka 80 na iliyozinduliwa na Mfalme George V mwaka 1930. Ukitoka hapo unaiona HMS Victory, meli ya vita hivyo aliyopigania itengenezwe na kuhifadhiwa. Aliaga dunia tarehe 6 Aprili 1931 na kuzikwa Portchester, ndani ya kuta za ngome ya kale, juu kidogo ya bandari ileile. Panorama ni kazi ya kustaajabisha kwa umri ule, lakini haimfundishi mnunuzi wa chapa chochote. Greenwich inamfundisha karibu yote. British Museum nayo ina chumba cha kusomea michoro na chapa ambapo mtu wa kawaida anaweza kuomba kuoneshwa karatasi halisi nje ya kioo, na saa moja ya kulinganisha chapa za mwanzo na za mwisho za msanii yeyote inafaa kuliko maelezo haya yote.

Wapinzani wake kwa mnunuzi? Clarkson Stanfield, aliyezaliwa Sunderland mwaka 1793, akakamatwa kwa nguvu kuingizwa katika jeshi la majini mwaka 1808 na baadaye akawa bingwa wa mandhari za jukwaa katika ukumbi wa Drury Lane, ni jina kubwa kuliko Wyllie kwa wengi. Lakini chapa nyingi za kazi zake zilichongwa na mafundi wengine kutokana na michoro yake. Ni nzuri, ni za bei nafuu, na si mkono wake. Edward William Cooke ni jambo tofauti: mwana wa mchonga mabamba, aliyetoa mabamba 65 ya vyombo na mashua mwaka 1829, akiwa kijana wa miaka 18. Kwa mtengeneza mifano ya mashua, Cooke anampita Wyllie; kila kamba ina mwanzo na mwisho, na fundi anaweza kuhesabu kapi. Ila Cooke anachora chombo, na maji yamewekwa ili chombo kisining'inie hewani. Whistler, mchoraji Mmarekani aliyeichora Thames kwenye shaba tangu mwaka 1859, ni msanii mkubwa kuliko wote waliotajwa hapa na bei yake inalijua hilo. Wyllie alijifunza mengi kutoka hewa ileile, akaongeza kitu ambacho Whistler hakukihitaji: anajua tishari linaelea vipi.

Ukishanunua, kazi iliyobaki ni ya fremu, na makosa hapa huua chapa nyingi kuliko unyevu. Taka kadibodi ya pamba isiyo na asidi, mbele na nyuma. Dirisha la kadibodi liwe nene kiasi cha kuiacha karatasi mbali na kioo kwa milimita 3 au 4. Karatasi ikigusa kioo, unyevu hukusanyika hapo na doa huanza. Dirisha liache alama ya bamba na saini vionekane. Chapa ishikwe kwa bawaba mbili tu za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, zote upande wa juu. Chini iachwe huru, kwa kuwa karatasi hupanuka na kusinyaa kwa hewa, na ikibanwa pande zote itajikunja mawimbi, na mawimbi hayo yatakuwa juu ya maji. Kioo kiwe cha kuzuia mionzi ya jua. Wino wa masizi haufifii, kwa hiyo watu hudhani chapa nyeusi haihitaji kivuli. Inahitaji, kwa ajili ya karatasi: mwanga hafifu wa takriban lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), mbali na dirisha, na unyevu wa hewa wa karibu asilimia 50 usiopandapanda na kushuka.

Na fundi wa fremu aambiwe mapema asitupe ubao wa nyuma wa fremu ya zamani. Mara nyingine kibandiko cha muuzaji wa kwanza bado kiko hapo, na kikiwa cha Dunthorne wa mtaa wa Vigo, kikatwe pamoja na kipande cha ubao, kitiwe kwenye bahasha isiyo na asidi, na bahasha ibandikwe nyuma ya fremu mpya.